Hazina ya kabati la nta: utafiti ulio mikononi mwa madaktari wanaosomea patholojia

Mwaka 1960, katika mji wa Léopoldville ambao leo ni Kinshasa, mwanamke mmoja alikatwa kipande kidogo cha mtoki ili kichunguzwe. Maabara ya patholojia ilikiondoa maji kipande kile, ikakizamisha katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, na nta ilipoganda bloku hiyo ikawekwa kabatini pamoja na nyingine nyingi. Karibu nusu karne baadaye, watafiti wa Kinshasa na wenzao wa ng'ambo wakiongozwa na Michael Worobey walizitoa bloku 27 za kati ya mwaka 1958 na 1960 wakazichunguza upya. Ndani ya ile ya mwanamke yule walikuta vipande vya vinasaba vya virusi vya UKIMWI. Walivilinganisha na virusi vilivyopatikana katika sampuli ya damu ya mwaka 1959 kutoka mji huohuo, wakaona kwamba kufikia wakati ule aina hizo mbili zilikuwa zimeshaachana mbali. Hesabu ya lini zilianza kuachana iliwarudisha nyuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20, karibu na mwaka 1908. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha UKIMWI. Kwangu mimi ni kisa cha kabati pia. Laiti mtunza stoo mmoja angeamua katika miaka ile yote kwamba bloku za zamani zinabana nafasi, historia ya virusi hivyo ingekosa moja ya kurasa zake za mwanzo. Na mtu ambaye kwa kazi yake ya kila siku yuko karibu kabisa na kabati la namna hiyo, iwe Muhimbili, Mulago au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ni daktari kijana anayesomea ubingwa wa patholojia, yule ambaye hospitalini wanamwita residenti.

Wagonjwa wengi hawamjui. Mgonjwa humjua daktari aliyempima na aliyempasua, basi. Lakini kinyama kikitoka chumba cha upasuaji kikiwa kwenye chupa ya fomalini, residenti ndiye hukipokea, hukipima, hueleza kwa maandishi rangi yake na ugumu wake, kisha huchagua sehemu za kukata. Fundi sanifu wa maabara hukisindika usiku, hukitia katika nta, hukikata vipande vyembamba vya maikroni tatu au nne na kuvipaka rangi mpaka viini vya seli vionekane vya zambarau na sehemu zilizobaki ziwe za waridi. Kisha residenti huketi na bingwa wake mbele ya hadubini. Je, ni saratani? Ya aina gani? Imeingia ndani kiasi gani? Majibu yanayotoka kwenye meza ile ndiyo huamua kama titi litaondolewa, kama mtoto ataanzishiwa dawa kesho asubuhi, au kama mzee ataambiwa arudi nyumbani kwa amani kwa sababu uvimbe wake hauna madhara. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zina chini ya bingwa mmoja wa patholojia kwa kila watu milioni moja. Mzigo huo huwaangukia walio masomoni, na wanaubeba.

Katikati ya mzigo huo, residenti anatakiwa kufanya utafiti. Shahada ya uzamili ya udaktari, ambayo Muhimbili, Nairobi na Makerere huitoa kwa jina la MMed, haipatikani bila tasnifu. Mwaka wa kwanza hutafutwa mada, huandikwa pendekezo, hupelekwa kwenye kamati ya maadili. Kisha hukusanywa data, huandikwa sura, hutetewa mbele ya watahini. Kwenye karatasi mpangilio huo hauna kasoro. Katika utendaji, mada nyingi huchaguliwa kwa sababu zinaweza kukamilika kabla ya mtihani, wala si kwa sababu kuna mgonjwa anayesubiri jibu. Tasnifu ikishajalidiwa hupanda rafu ya maktaba na haishuki. Daktari mwenyewe huondoka akiamini kwamba utafiti ni adhabu aliyokwisha kuitumikia, na hapo ndipo taifa linapompoteza mtafiti.

Haya si mambo ya kukubali kirahisi, kwa sababu historia ya tiba inaonyesha kwamba daktari aliye masomoni anaweza kufungua mlango ambao wakubwa wake wameupita kila siku. Mwaka 1979, katika Hospitali ya Royal Perth huko Australia, mwanapatholojia Robin Warren alianza kuona bakteria waliojipinda kwenye vinyama vya tumbo. Wengi hawakumjali, kwa kuwa iliaminika kwamba tumbo lina asidi kali na bakteria hawaishi humo. Mwaka 1981 daktari kijana, Barry Marshall, aliyekuwa bado anasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, alikuwa anatafuta mradi wa utafiti kama masomo yake yalivyomtaka. Akaelekezwa kwa Warren, ambaye tayari alikuwa na orodha ya wagonjwa wenye bakteria wale. Mwaka 1982 wakawachunguza wagonjwa 100. Majaribio ya kuwaotesha bakteria hao maabara yalishindikana mara kwa mara, kwa kuwa sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Ikaja sikukuu ya Pasaka, sahani zikaachwa siku zaidi, na bakteria wakaota. Leo daktari wa wilayani humtibu mwenye vidonda vya tumbo kwa dawa za kuua bakteria kwa sababu ya kazi ile. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Katika habari hiyo kulikuwa na mwanapatholojia aliyetazama slaidi kwa makini na kuandika alichokiona hata kabla hajapata maelezo yake. Kulikuwa na mwanafunzi aliyepewa muda na msimamizi aliyemwelekeza mahali penye swali la kweli. Hakuna mashine ya mabilioni iliyohitajika.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuwa mahali pa namna hiyo. Mulago ya miaka ya 1940 hadi 1960 ilikuwa miongoni mwa vituo vya patholojia vilivyotazamwa na dunia. J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa pale, alieleza mwaka 1948 katika jarida letu wenyewe, East African Medical Journal, ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo ambao uliwaua vijana wengi wa Uganda. Mwaka 1951 ikaanzishwa Sajili ya Saratani ya Kampala, ya kuhesabu nani anaugua nini na anatoka wapi. Davies na wenzake pia walipekua kumbukumbu za Hospitali ya Mengo tangu mwaka 1897 hadi 1956, miaka karibu 60 ya maandishi ya mkono, wakachapisha mwaka 1964 picha ya saratani katika jamii moja ya Kiafrika kwa muda huo wote.

Kisha kuna uvimbe wa taya za watoto. Mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, naye akadhani ni sarkoma, saratani ya tishu za mifupa na misuli. Waliouweka mahali pake ni wanapatholojia: Gregory O'Conor na Davies walipitia faili za sajili na slaidi za watoto, wakaona kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni ugonjwa mmoja, limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), na kwamba limfoma hiyo ilikuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto katika sajili yao. Desemba 1963 sampuli ya uvimbe ilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester, sampuli ikachelewa, lakini seli zilikuwa bado hai. Mwaka uliofuata Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli hizo. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr. Uvimbe unaitwa Burkitt. Watoto walikuwa wa Uganda, na hakuna jina la daktari Mwafrika katika ugonjwa huo. Hilo halipunguzi heshima ya waliofanya kazi, lakini linatuambia kitu kuhusu mahali maswali yalipoulizwa na mahali majibu yalipoandikwa. Leo mabingwa wa patholojia wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ni wenyeji, wanaosomea ni wenyeji, na maswali yamebaki tele.

Nichukue moja, la saratani ya matiti, kwa kuwa linagusa nyumba nyingi. Uvimbe wa titi ukichunguzwa, maabara hutafuta vipokezi vya homoni ya estrojeni. Vikiwepo, mgonjwa anaweza kunufaika na tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa nyumbani. Visipoonekana, kidonge hicho hakitolewi, na kinachobaki ni dawa kali za kudunga na upasuaji. Kwa miaka mingi imeandikwa kwamba wanawake wa Kiafrika wana uvimbe usio na vipokezi kwa kiwango kikubwa mno. Wapo waliosema ni damu yetu, wengine wakasema ni ukali wa ugonjwa wenyewe.

Lakini vipokezi ni protini, na protini huharibika. Kinyama kinatakiwa kuingia kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kikatwe, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Sasa tuifikirie safari ya kinyama kutoka hospitali ya mkoa: kimekatwa Ijumaa mchana, chupa ni ndogo, fomalini imechanganywa kwa kukisia, ndugu wa mgonjwa ameambiwa akipeleke mwenyewe kwa basi Jumatatu. Kikifika maabara kuu, kipimo kinasema vipokezi havipo. Je, havikuwepo kweli, au vilifia njiani?

Mapitio ya tafiti za bara zima yaliyochapishwa mwaka 2014 yalitoa jibu la kusikitisha. Tafiti zilizotumia bloku za zamani zilikuta uvimbe wenye vipokezi kwa kiwango cha chini, kwa takriban asilimia 10, kuliko tafiti zilizokusanya sampuli upya kwa utaratibu maalumu. Yaani sehemu ya tofauti iliyosemwa ni ya asili ilitokana na namna tunavyotunza vinyama. Nyuma ya asilimia hiyo wapo akina mama walionyimwa kidonge ambacho kingewasaidia.

Hapa ndipo naona nafasi ya residenti ikiwa wazi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye hupokea chupa. Anaweza kuandika, kwa miezi sita, kila chupa ilitoka wapi, ilikatwa saa ngapi, fomalini ilikuwa kiasi gani, na ilifika lini. Anaweza kulinganisha majibu ya vipokezi ya chupa zilizowahi na zilizochelewa. Anaweza kurudi katika hospitali zinazotuma, akaweka karatasi ya kujaza saa na fomalini iliyotengenezwa vizuri, kisha akapima tena. Utafiti huo hauhitaji maabara ya vinasaba. Unahitaji daftari, saa, simu, fedha kidogo za vitendanishi na msimamizi anayejali. Ukifanywa vizuri, utabadilisha matibabu katika mkoa mzima kabla tasnifu haijajalidiwa.

Maswali mengine yako mlangoni vilevile. Tanzania ilikadiriwa mwaka 2020 kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000, na ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Chanjo ya virusi vya papiloma ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Nani atatuambia, miaka inavyokwenda, kama vidonda vya awali vinapungua na ni aina gani za virusi zimebaki? Ni yule anayesoma vinyama hivyo. Saratani ya umio nayo inafuata ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Hospitali za Eldoret na Bomet nchini Kenya zimeona vijana wa chini ya miaka 30 wakiugua, jambo ambalo katika nchi nyingi ni nadra mno. Chai ya moto sana ni mojawapo ya yanayoshukiwa, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Hata hivyo chai peke yake haitoshi kueleza kijana wa miaka 25.

Kuna pia mochwari, ambako wengi hatupendi kuingia hata kwa mawazo. Uchunguzi wa maiti umepungua katika hospitali zetu. Familia zinataka kuzika mapema, wengine kwa amri ya dini, na haki yao hiyo lazima iheshimiwe. Lakini bila uchunguzi, vyeti vya vifo vinajaa makisio. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyojumuisha chunguzi za maiti za watu wazima waliofariki hospitalini wakiwa na VVU yalikuta kifua kikuu katika takriban asilimia 40 yao, na karibu nusu ya hao hakikuwa kimegunduliwa walipokuwa hai. Ugonjwa wenye dawa ulikuwa unaua watu waliolazwa kitandani, chini ya macho ya madaktari. Njia iliyofanyiwa majaribio Msumbiji, ya kuchukua vinyama vidogo kwa sindano bila kuupasua mwili, sasa inatumika Siaya na Kisumu, Kenya, kutafuta sababu za vifo vya watoto. Residenti anayejifunza njia hiyo, na kujifunza pia namna ya kuzungumza na baba aliyefiwa bila kumharakisha, ataleta maarifa ambayo hakuna kitabu cha Ulaya kitakachotuletea.

Vikwazo vipo, tena vizito. Cha kwanza ni muda. Residenti hushinda kwenye kinyama na slaidi, hukesha kwenye zamu, kisha huambiwa aandike utafiti wikendi. Marekani, ambako mafunzo ya patholojia ya uchunguzi wa tishu na ya maabara kwa pamoja huchukua miaka minne, programu hutakiwa kuwashirikisha residenti katika kazi za kitaaluma, na ipo njia maalumu kwa wanaotaka kuwa watafiti, inayowapa muda uliolindwa. Kwetu muda uliolindwa hupatikana kwa huruma ya mkuu wa idara. Cha pili ni fedha: kipimo cha protini kwa rangi maalumu hugharimu, na wapo wanaolipia vitendanishi kutoka mfukoni mwao, jambo ambalo ni dhuluma. Misaada midogo ya kuanzia ipo; shirika la Afrika la utafiti na mafunzo ya saratani, AORTIC, lililoanzishwa mwaka 1983, huendesha mpango wa kuwafadhili watafiti chipukizi, lakini residenti wengi husikia habari zake wakiwa tayari wamehitimu.

Kibali cha maadili nacho huchukua miezi. Sitetei kukiondoa, kwa sababu bloku ile ni sehemu ya mwili wa mtu. Ila residenti afundishwe mapema namna ya kuandika ombi la kamati ya maadili, badala ya kujifunza kwa kurudishiwa mara tatu. Na sampuli zinapotakiwa kwenda nje, mkataba useme waziwazi zinakwenda kufanya nini, kilichobaki kitarudi lini, na nani ataandika jina lake kwenye makala. Daktari aliyezitoa bloku kabatini, akazisoma upya na kuzipanga, ni mtafiti kamili. Kumshukuru katika mstari wa mwisho tu ni kumwibia.

Linaloniumiza zaidi ni hali ya makabati yenyewe. Fomalini isiyodhibitiwa hugeuka kuwa na asidi, ikavikata vinasaba vipandevipande. Bloku zikirundikwa kwenye maboksi sakafuni, joto, unyevu na panya humaliza kazi. Namba kwenye bloku isipolingana na daftari, au daftari likipotea, bloku hubaki nta tu.

Kwa wakuu wa hospitali na vyuo: kabla ya kununua mashine mpya ya kisasa, ajirini mtunza kumbukumbu wa patholojia, mpeni chumba kikavu, rafu za chuma, kompyuta na kufuli. Gharama yake ni ndogo kuliko ya gari moja la ofisi. Kwa wakuu wa idara: tengeni angalau siku moja kwa wiki ambayo residenti haguswi na kazi ya zamu, na mkatae mada ambayo haiwezi kutaja mgonjwa itakayemsaidia. Gawieni pia maswali makubwa kwa miaka mfululizo, ili residenti wa mwaka huu aanzie alipoishia wa mwaka jana, badala ya kila mmoja kufyeka pori lake. Tasnifu ikipita, isitoke mlangoni bila makala iliyotumwa kwenye jarida.

Na kwako daktari unayeanza mwaka wa kwanza wa patholojia: usingoje upewe mada. Nunua daftari, andika kila slaidi inayokushangaza na namba yake, hata kama bingwa wako amesema ni jambo la kawaida. Kufikia mwisho wa mwaka utakuwa na maswali ya kutosha, na bloku za kuyajibu zitakuwa kabatini, mradi uhakikishe hakuna anayezitupa.